Mamkubwa, Walizikata Picha Zako

Mamkubwa wangu,

Ungekuwa hai, swali lako la kwanza lingekuwa lile lile ulilowauliza maharusi wote: "Anakupenda, au ameshakuzoea?" Basi nakujibu kabla ya yote. Ananipenda. Nassor ananipenda mpaka naona haya kuandika. Alfajiri akitoka kwenda ghalani Hayes, ananifunika miguu kwa blanketi taratibu, kama mtu anayefunika mkate usipoe. Jioni akirudi anapiga hodi, na ufunguo anao. Nilimuuliza kwa nini, akasema anapenda kusikia hatua zangu nikija kumfungulia. Chumba chetu ni kimoja na jiko, juu ya duka la Mhindi mmoja mzaliwa wa Kampala, karibu na stesheni ya Rayners Lane, hapa London. Treni ikipita, vikombe vinatikisika kabatini, na mimi naona hakuna jumba duniani lililo zuri kama hili.

Nayaandika haya na kulia nalia, kwa sababu furaha yangu na kifo chako vilikuja wiki moja. Nilikuwa ndani ya fungate. Wewe umeshakufa, na mimi nacheka.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu naogopa utakuwa umefikiri kwamba nimekusahau.

Unakumbuka ulivyonifungia chumbani kwa Mama siku tatu kabla ya harusi. Ulinisinga kwa liwa, ukanichora piko, ukanisomesha mambo ambayo siwezi kuyaandika hata kwa mtu aliyekufa. Shangazi zangu hawakutaka uwe wewe somo wangu wa kunifunda. Tuliwasikia ukumbini: mwanamke aliyewashinda waume wawili atamfundisha nini mtoto? Hukuinua hata uso. Ulisema, "Wao wana mume mmoja miaka thelathini. Waulize lini wamemwona anatabasamu." Nilicheka mpaka nikatingisha mkono, na piko likaharibika kwenye kiganja cha kushoto. Ukanipiga kofi dogo la begani, ukanichora upya.

Ndiyo siku ile ile uliyonishika mkono ule uliokuwa bado haujakauka, ukazungumza kwa sauti ya chini. Ukasema, "Lile sanduku langu, mwanangu. Siku likitoka katika flati yangu, litoke na wewe. Si na mtu mwengine." Nikasema ndiyo. Ukasema, "Usiseme ndiyo ya bi harusi. Bi harusi anasema ndiyo kwa kila kitu." Nikaapa, Mamkubwa. Niliapa huku nafikiria kitambaa cha shela.

Sanduku hilo nililijua kuliko vitabu vyangu vya shule. Tangu tulipofika London na mimi mtoto, kila Jumamosi Mama akienda kufanya usafi ofisini, mimi nilikuwa wako. Ulikuwa unalivuta kutoka chini ya kitanda, unapangusa vumbi ambalo halikuwapo, unafungua. Picha kumi na mbili, gauni moja la hariri lenye shanga zilizopungua kwapani, na tangazo la mchezo lililokunjwa mara nne. Tulikuwa tunazitandaza picha kitandani kwa mpango, na wewe unasimulia, na ole wangu nikiruka moja.

Picha ya kwanza ulikuwa na miaka kumi na saba. Kile kikundi cha michezo ya kuigiza cha Ng'ambo, kule visiwani, hakikuwa na mwanamke hata mmoja. Sehemu za wanawake walikuwa wakicheza wanaume, wamejaza vitambaa kifuani. Bwana Mselem, mkuu wa kikundi, alikuja kwenu kuazima gauni la bi harusi, na yule kijana wa kulivaa alikuja naye kulijaribu. Wewe ulikuwa unachungulia nyuma ya pazia. Ukamwona anavyotembea, ukashindwa kujizuia, ukatoka. "Mwanamke haendi hivyo, wewe unakwenda kama mtu aliyebanwa na mkojo." Ukamwonyesha. Bwana Mselem akakwambia urudie. Ukarudia. Akalichukua gauni kutoka kwa yule kijana, akakupa wewe.

Babu alikupiga, ulisema. Akakuoza haraka kwa mtu mzima ili utulie. Hukutulia. Mume wa kwanza alikupa talaka kwa sababu ya jukwaa, wa pili ulimwomba talaka wewe kwa sababu hiyo hiyo. Na ukumbi ulikuwa unajaa. Wanawake waliokutukana sokoni asubuhi walikuwa wa kwanza kukaa mbele jioni, wamejifunika buibui mpaka puani, ati wasijulikane, na wewe ulikuwa unawajua kwa miguu yao. Mkacheza Tanga, mkacheza Mombasa, mkacheza Dar es Salaam. Katika mchezo mmoja ulikuwa mjane asiye na neno hata moja la kusema. Ulikuwa unacheza tu, huzuni yote inatoka mabegani, na watu wazima walikuwa wakitoka ukumbini wamevimba macho.

Picha ya tisa ndiyo ulikuwa huizungumzii sana. Kikundi kizima mmesimama kwenye ngazi, Bwana Mselem katikati na kofia yake. Wiki chache baadaye yakaja mapinduzi. Asubuhi moja walimchukua nyumbani kwake, na viatu vyake vikabaki mlangoni, na mpaka leo hakuna anayejua alikwenda wapi. Ukumbi ukafungwa, ukafanywa ghala. Ulipopata njia ya kutoka kupitia Dar, Bibi alikwambia uchukue dhahabu. Ulichukua sanduku. Kila ulipofika hapo nilikuuliza kama ulijuta, na kila mara ulinijibu kwamba dhahabu ungeshaiuza zamani, ungekuwa na njaa vile vile.

Na London. Ulidhani nchi yenye kumbi nyingi namna ile itakosaje nafasi ya mchezaji mmoja? Wakakupa manyoya na ngozi ya bandia, wakakwambia ucheze kama watu wa Kongo. "Kongo sijapata kuikanyaga," ulisema, "lakini walitaka Mkongo, nikawa Mkongo." Kisha katika mchezo mmoja mkubwa ukapata sentensi. Sentensi moja. Mtumishi anaingia na sinia, anamwambia bwana kwamba chai iko tayari, anatoka. Jikoni kwako ulikuwa unanifanyia hiyo sentensi kwa namna tano: ya mtumishi mwenye usingizi, ya mtumishi aliyempenda bwana, ya mtumishi aliyetia sumu, na zile mbili nyengine za kihuni. Nilikuwa nagaagaa sakafuni. Sikuwa na akili ya kuona kwamba ulipomaliza ulikuwa unageukia jiko ili nisikuone uso.

Halafu goti likakataa kucheza. Halafu kiwanda cha chakula cha abiria wa ndege, miaka kumi na sita ya kupanga vijiko kwenye treya, umevaa kofia ya nailoni. Hakuna hata mmoja pale aliyekujua. Ulikuwa unasema unasimama kwenye mstari ule umenyoosha mgongo, kwa sababu hujui nani anakutazama.

Sasa fungate.

Jumapili ulileta chakula cha asubuhi, Jumatatu ukaleta. Ulikuwa unagonga mara mbili, unaacha kikapu mlangoni na kuondoka, na tukifungua tunakuta mikate ya kumimina ya moto na hujulikani umepita wapi. Jumanne ulichelewa. Nassor alisema labda basi limechelewa. Ilipokaribia saa sita akaja Mama na kikapu. Nikamuuliza Mamkubwa yuko wapi. Akasema ana homa kidogo, amelala, nisiwe na wasiwasi, nile. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni baridi.

Nilikula, Mamkubwa. Nilikula na nikamlisha Nassor kwa mkono wangu, tukagombania kipande cha mwisho.

Baadaye ndipo nilipoambiwa. Ulikutwa kwenye kituo cha basi Hayes, umekaa kwenye benchi na kikapu mapajani, umekikumbatia. Watu walidhani umesinzia. Mabasi mawili yalipita. Moyo, walisema hospitali. Na Mama alipokabidhiwa kikapu chako alifikiri jambo moja tu, kwamba bi harusi hajala.

Hapo wakakaa kikao, Mama na shangazi na wazee wa upande wa Nassor, wakakubaliana nisiambiwe. Unajua wanavyoamini. Anayelia ndani ya siku zake saba atalia maisha yake yote ya ndoa. Nassor akaitwa pembeni, akaapishwa. Hospitali haikukutoa mpaka Ijumaa. Siku hiyo Nassor aliniambia anakwenda kusali. Kweli alisali. Alikusalia wewe. Akalibeba jeneza lako, akashuka kaburini akakupokea pamoja na wengine. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa na udongo mzito wa njano. Nikamwuliza amepita wapi, akasema bustanini, njia ya mkato. Nikavichukua viatu vya mume wangu, nikavikwangua kwa kisu cha siagi, nikavisugua mpaka vikang'aa, na nilikuwa naimba.

Sijui niseme nini kuhusu hilo. Nimeliandika, basi.

Siku saba zilikwisha Jumamosi. Jumapili Mama alikuja na shangazi wawili, wamevaa nyeusi, na kabla hawajakaa nilijua. Mama aliponiambia, neno lililonitoka mdomoni lilikuwa sanduku. Nilimuuliza sanduku liko wapi. Nakwambia ukweli ili usije ukasikia kwa mwengine: sikulia kwanza, niliuliza sanduku. Shangazi mmoja akasema, "Mama yako mkubwa yuko chini ya udongo, wewe unauliza mizigo?" Mama alitazama sakafu, nikaelewa.

Kaunsili, serikali ya mtaa yenye nyumba, iliwapa wiki mbili kuirudisha flati. Wao waliirudisha siku moja, ile Jumamosi. Nguo zako wakazigawa kwa wanawake wa Southall. Gauni la hariri likaenda nazo, hawakujua ni nini. Tangazo walilitumia kufungia vikombe. Na picha Mama alizikata. Aliketi kitandani kwako na mkasi wa kushonea, akazikata moja moja, kumi na mbili zote, vipande vidogo kiasi ambacho uso haurudi, akavitia kwenye mfuko, akavimwaga chooni kidogo kidogo.

Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, mbele ya mume wangu na mbele ya watu, wiki moja baada ya ndoa. Sijapata kufanya hivyo maishani. Akaniacha nikamaliza. Halafu akasema taratibu sana, "Kila anayetazama zile picha, dada yangu yumo ndani kichwa wazi, mikono wazi, anacheza. Dhambi inamfuata kule aliko, na yeye hayupo tena wa kutubu. Nani wa kuizima kama si mimi?"

Nilitaka awe amefanya kwa chuki. Chuki ningeijua la kuifanya. Shangazi ndio waliokuonea haya, lakini Mama hakukuonea haya, Mamkubwa. Alikuwa anakutoa motoni kwa mkasi. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge.

Usiku wa siku ile sikumpa Nassor mkono wangu. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Nilitaka uzimalize siku zako saba. Ijumaa nusura nikwambie, nilipokuona na vile viatu." Na mimi nilimsamehe, Mamkubwa. Nilimsamehe kabla hajamaliza kusema, kwa sababu nampenda vibaya, na kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho aliyekushika. Niliuchukua mkono wake nikauweka shavuni kwangu. Hilo ungelielewa wewe kuliko mtu yeyote. Lakini Mama sikumsamehe. Wiki tano sikukanyaga kwake, na ni basi moja tu. Akipiga simu nilikuwa nampa Nassor azungumze.

Na wiki hizo tano niliona jambo baya zaidi. Nilianza kukusahau. Nilijaribu kuzitandaza picha kichwani kwa mpango wako, na picha ya nne ikanipotea. Kisha ya saba. Nikawa nakumbuka maneno uliyoyasema juu ya picha, lakini picha yenyewe siioni, naona kitanda kitupu. Na mimi sijapata kukuona jukwaani. Nilizaliwa umeshavaa kofia ya nailoni. Nilichokuwa nacho ni zile karatasi kumi na mbili, nikaapa nitazitunza, na nilikuwa maili chache tu kutoka hapo, nimelala mchana na mume.

Siku ya arobaini ilikuwa hitma yako, nikalazimika kwenda. Wanawake walisoma, wakala, wakaondoka. Ilikuwa mchana, mvua nyembamba. Tukabaki Mama na mimi jikoni na masufuria, tumepeana mgongo. Yeye anaosha, mimi napangusa. Halafu akasema, bila kugeuka, "Alikuwa anaanza na mguu wa kushoto."

Sikuelewa. Akaendelea. Yeye Mama alikuwa na miaka minane, akasema. Babu alikataza mtu yeyote wa nyumba ile kwenda ukumbini, na Bibi akamchukua kwa siri, akamfunika ndani ya buibui lake mwenyewe, wakaketi mkekani mbele kabisa. Alidhani anakwenda kumwona dada yake. Hakumwona. Alimwona mwanamke mjane, mzee, ambaye hakuwa na mahali pa kwenda, na alimlilia yule mjane mpaka Bibi akamziba mdomo. Walipofika nyumbani ulikuwa umetangulia, unakula muhogo, ukamuuliza kwa nini macho yake yamevimba. Kwa wiki nzima alikuogopa.

Kisha Mama, mikono yake imejaa povu, akatoka kwenye sinki. Akasimama katikati ya jiko. Akateremsha bega moja, polepole, kama lina mzigo, akatanguliza mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia, akatanguliza tena. Hatua tatu. Mama yangu, ambaye sijapata kumwona akipiga hata kofi katika harusi. Na mimi nilikuona, Mamkubwa. Wallahi nilikuona. Hujapata kuwa hai vile katika picha yoyote.

Hatua ya nne hakuipiga. Akasema astaghfirullah, akarudi kwenye sufuria, akasugua kwa nguvu.

Kumbe miaka yote ile nilikuwa natandaza karatasi na wewe Jumamosi, na mtu pekee katika mji huu aliyekuona jukwaani kule nyumbani alikuwa kwenye ofisi za watu anapangusa meza. Aliyezikata ndiye aliyebaki nazo.

Nilimwomba anisimulie yote, tangu mwanzo. Nilimwomba kwa adabu, nilimshika miguu. Aliendelea kuosha mpaka maji yakapoa. Mwisho akakubali, kwa sharti moja. Nisitaje jina. "Sema mwanamke mmoja. Waachie hadithi, jina lake liache lipumzike." Nami, Mamkubwa, nikasema ndiyo. Unaona? Bado nasema ndiyo ya bi harusi.

Jumamosi mbili nimeshakwenda. Nimenunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Mama anasimulia huku anachambua mchele, mimi naandika, na pengine ananisahihisha hata koma. Ameshanipa mambo usiyonipa wewe: kwamba uliogopa kila mara kabla ya kutoka, kwamba ulikuwa unatapika nyuma ya pazia na yeye ndiye aliyekushikia ndoo alipokuwa mkubwa. Ameshasimama mara moja tena. Na katika kurasa zote hizo wewe ni mwanamke mmoja. Mwanamke mmoja alitoka nyuma ya pazia. Mwanamke mmoja alikwenda Tanga. Jana nilimsomea Nassor, akasikiliza vizuri, akauliza, "Huyu nani?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikubeba mabegani, na hakukujua.

Sijui kama Mama ana haki. Sina elimu ya kumjibu. Ikiwa kila mstari ninaoandika unakuchoma huko uliko, unisamehe, nitakuombea kila sala kwa kila mstari. Lakini nakumbuka ulivyonyoosha mgongo mbele ya zile treya. Hukunyoosha mgongo miaka kumi na sita ili uwe mwanamke mmoja.

Kwa hiyo nakuahidi kitu kidogo tu, kwa sababu kikubwa nilishindwa. Sitaandika kwa kumficha Mama. Jumamosi, kabla hajaanza kuchambua mchele, nitamfungulia daftari ukurasa wa kwanza, ambao niliuacha mtupu, na nitaandika mbele ya macho yake, kwa herufi kubwa: Asya binti Khalfan, mchezaji wa jukwaani. Akinifukuza, nitatoka. Akiacha kusimulia, basi nitabaki na hatua tatu na jina, na Jumamosi inayofuata nitarudi kukaa naye bila daftari, kwa sababu ni mama yangu, na mikono yake ndiyo iliyokuosha.

Pumzika, Mamkubwa. Huku napendwa, na mgongo nimeunyoosha.

Mwanao,
Raya